Jani Bichi Njiapanda

Saa sita na dakika nane, bando la usiku limeanza.
Pasua yote imelala, ila mashine ya kusaga ya Mangowi
na mimi, na mstari mwekundu kwenye kioo:
ujenzi umeshindwa.

Ni programu ya hesabu za kahawa za ushirika,
ya bure, ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu,
na tangu jioni imegoma kujengeka.
Nasoma maneno ya mashine kama anayechagua mchele,
punje kwa punje, hadi nalipata jiwe:
kifurushi cha tarehe kimepandishwa toleo
na Januari sasa wanaihesabu sifuri.

Mstari mmoja. Saa tatu za kuutafuta.
Nilipokituma kiraka changu, jogoo la kwanza likiwika,
nikakuta viwili vimenitangulia mlangoni:
cha Naserian wa Ngaramtoni, saa saba kasoro,
na cha Loishiye wa Sakina, saa nane na robo.
Mstari uleule. Hata mkato uleule.
Tundu moja tumelipeleka sindano tatu
na shati bado liko wazi mgongoni,
maana risiti nazo zilikuwa zimeharibika,
kosa la pili, chini kidogo ya lile la kwanza,
na hakuna aliyeshuka hadi huko.
Jumatatu Kibosho watapima kahawa kwa daftari.

Nilikasirika, nikakosa wa kumkasirikia.
Tulikuwa watu wema watatu gizani,
kila mmoja tochi yake
kaielekeza miguuni pake.

Nikaukumbuka mfongo wa kwetu Uru,
mfereji ule unaoshuka kutoka msituni.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ukingo ulipobomoka.
Nikapanda na jembe kwa njia ya migombani,
kaka yangu Elinami akapanda kwa njia ya kanisani.
Mimi nikaziba kwa udongo huku chini,
yeye, nyuma ya kona, akatupa mawe kule juu,
maji yakakosa pa kwenda, yakageuka kwa jirani
yakabeba maharage ya mama Ndeanasia.
Tulichapwa wote wawili, fimbo moja.
Tangu siku ile, anayepanda kuziba
huacha jani la mgomba njiapanda, kaliwekea jiwe.
Ukilikuta bichi, rudi ukapalilie,
au panda zaidi ukatazame ukingo mwingine.
Ukilikuta limekauka, usiulize. Pita.

Asubuhi nikawaandikia wenzangu.
Habari za migomba sikuzitaja, wangenicheka.
Niliandika: kabla hujagusa, sema umeshika;
ukishindwa, sema umeachia, si aibu.
Loishiye akajibu neno moja: Haya.

Wiki mbili tukaenda vizuri.
Kisha mimi mwenyewe, mwenye sheria,
nikaandika "nimeshika" kwenye zile risiti
homa ikanishika mimi.
Siku nne natetemeka chini ya blanketi mbili
na neno langu liko palepale,
kama mtu aliyefunga choo cha wapangaji
akaondoka na ufunguo kwenda sokoni Memorial.
Hakuna aliyegusa. Waliniheshimu.
Kibosho wakaandika daftari la pili.

Nilipoweza kukaa, mdomo bado mchungu kwa dawa,
nikaongeza kwenye maelezo ya mradi:
Neno "nimeshika" hukauka kwa siku moja.
Ukilikuta limekauka, usiulize. Pita.

Naserian akauliza: neno linakaukaje, dada?
Nikaanza kumjibu, nikafuta, nikaanza tena,
na hapo mstari mwekundu mwingine ukatokea.
Vidole vikaruka vyenyewe.
Lakini pembeni yake, dakika mbili tu,
bichi kabisa,
jina la Loishiye.

Nikafunga kompyuta, nikalala.